Yasmini Inayokesha

Mlinishikilia, vijana wa chumba cha mimea, niandike kabla sijasahau, basi nimekaa barazani nnaandika. Vyeo sivitaji, maana vilikuja vimechelewa na havikunibadilisha kitu. Mshahara nao kila mmoja wenu anaujua. Nitakuandikieni habari ya yasmini, kwa sababu hakuna mmea ulionikera kama huo katika kazi yangu yote, na kwa sababu ndani ya kabati letu la mimea iliyokaushwa ipo karatasi moja ambayo nataka muijue kutoka kwangu mwenyewe, kabla hamjaifungua mkanicheka nikiwa sipo.

Siku ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe. Aliyenipokea ni Bi Raya, msimamizi wa chumba cha mimea, mwanamke wa Malindi ya hapa mjini, mfupi, buibui lake kalitundika msumarini na kanga kaifunga kiunoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba upesi upesi, akaniwekea mezani sahani ya bati yenye maua meupe saba.

"Yepi humu ndiyo yasmini?"

Nikamwambia yote. Nilikuwa na cheti cha kilimo mfukoni, na nimezaliwa Unguja hii hii. Nani asiyeijua yasmini? Bi Raya hakunicheka. Alinipa kioo cha kukuzia kilichofungwa uzi mweusi, akasema, "Hesabu nyuzi zenye unga ndani ya kila ua. Ukikuta mbili tu, njoo tuzungumze."

Nilihesabu mpaka adhuhuri. Ua la kwanza lilitoka kwenye ule mti unaopandwa makaburini, na utomvu wake mweupe ukanichuruzika kwenye mkono wa shati. Nyuzi tano. La pili, lililotoka uwani kwa jirani, nyuzi kumi. Katika saba, yasmini za kweli zilikuwa mbili. Nilipompelekea jawabu, Bi Raya alitazama shati langu akasema kesho nivae la rangi ya udongo.

Hilo ndilo somo la mwanzo, na nimelirudia kwa watu mpaka ulimi umeota sugu. Yasmini ni ya familia moja na mzeituni, ule mzeituni unaotajwa katika Qur'ani, ingawa kwa sura huwezi kudhani. Ua lake lina nyuzi mbili za unga, basi. Mmea ukiukata ukatoa maziwa, hiyo si yasmini, hata kama inanukia mpaka jirani anakuja kuuliza. Ikiwa na nyuzi tano, si yasmini. Kunukia si ukoo. Mngapi mnanukia hapa na hamna udugu?

Lakini watu hawataki. Nimewahi kuitwa na bwana mmoja mwenye nyumba ya wageni Mji Mkongwe, kanunua miche arubaini ya yasmini kuizungushia ukumbi wake wa juu. Nikakata jani, maziwa yakatiririka. Nikamwambia, bwana, umeuziwa kitu chengine. Akanijibu, "Lakini wageni wanaipenda." Sasa mimi nifanye nini? Nimfukuze mgeni? Niliandika kwenye daftari, nikashuka ngazi.

Wengine waliniletea malalamiko kwamba yasmini yao haichanui. Hawa nilikuwa nawajua kabla hawajafungua mdomo. Kaipanda chini ya mwembe, kwenye kivuli, anaimwagia maji asubuhi na jioni, anaitia mbolea ya chumvichumvi mpaka majani yamekuwa mapana kama ya mkungu, kisha analalamika. Yasmini inataka jua. Na inataka mkasi. Ua linatoka kwenye tawi jipya, si kwenye kigongo cha mwaka juzi; ukimaliza msimu wa maua pogoa, pogoa bila huruma, utaona. Nikimwambia mtu apogoe ananitazama kana kwamba nimemwambia akakate kidole cha mwanawe. Wiki sita baadae anakuja na maua kwenye leso na hasemi hata ahsante, anasema, "Kumbe ilikuwa inataka mvua tu."

Tena iko ile afu, yasmini ya porini, yenye majani madogo matatu katika kikonyo kimoja, inayotambaa juu ya miti na kuzaa vitunda vyeusi ambavyo ndege wanavipeleka kila mahali. Hiyo ni yasmini kweli kweli, nyuzi mbili, hesabuni. Na jina lake la kisayansi linasema ni ya Rio, huko Brazili. Ni mmea wa Afrika, wa kwetu, ulivushwa bahari na watu, mtaalamu akaukuta umeota kule akadhani umezaliwa pale, akaupa jina la mji ule. Mpaka leo kisheria jina ni hilo hilo. Nilipolisikia mara ya kwanza niliudhika mpaka nikashindwa kunywa chai. Bi Raya akasema, "Sasa umejua kwamba hata wakubwa wanaandika bila ya kuuliza. Wewe usiandike bila ya kuuliza."

Nilimwitikia naam. Kuitikia ni kwepesi.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Kibano cha mbao cha kukaushia, chenye mikanda miwili, magazeti ya zamani, mkasi wa kupogolea, kile kioo. Kitawi unakilaza katikati ya magazeti, unabana, unabadilisha magazeti kila siku, na wakati wa masika unabadilisha mara mbili la sivyo unafungua unakuta ukungu. Kikishakauka kinashonewa kwenye karatasi ngumu, na pembeni, chini, inabandikwa lebo: jina la mmea, mahali ulipotoka, nani aliuchuma, nani aliutambua.

Na hapa sikilizeni. Lebo haibanduliwi. Haifutwi, haikwaruzwi, haifunikwi. Ukigundua aliyekutangulia amekosea, unaandika kikaratasi kipya, unatia jina lako, unakibandika pembeni ya ile ya zamani, zote zinabaki zinasomeka. Niliwahi kumuuliza Bi Raya kwa nini tunaacha makosa yaonekane, si aibu ya ofisi? Akasema, "Aliyekosea jana kuna kitu alikuwa anakitazama. Ukimfuta, hutajua alikuwa anatazama nini."

Bi Raya alikuwa na yasmini yake mwenyewe. Ilitoka nyumbani kwao, kitalu cha mama yake, kwenye uwa wa ndani wa nyumba yao Malindi. Kwa watu wa kawaida ilikuwa yasmini ya kawaida ile ya kutungia, Jasminum sambac, ya maua manene yenye tabaka nyingi. Lakini ile ya kwetu sote ukiichuma alasiri ingali imefumba, inafunguka magharibi, na asubuhi ishageuka hudhurungi. Yake ilikuwa inakaa nyeupe mpaka adhuhuri ya pili. Kwao waliiita inayokesha. Ilikuwa ya maharusi: kikuba cha bibi harusi, yale maua yanayotungwa pamoja na majani ya mrehani na vipande vya mkadi, ule wenye majani marefu ya miba na ua la kunukia, akayachomeka kifuani, kilikuwa kinaamka naye kingali kizima. Masika ya mwaka mmoja ukuta wa uwa ule ulianguka ukaufunika mti. Bi Raya alikuwa ameshaleta vijiti vitatu ofisini. Viwili vikafa, kimoja kikashika, kikatiwa chungu. Na mjue kwamba yasmini hii haizai mbegu kwetu. Haijulikani kwa tunda. Inaishi kwa kukatwa kijiti na kuchomekwa, mkono kwa mkono. Kijiti cha mwisho kikifa, imekwisha.

Alipostaafu aliniachia funguo za kabati, kioo chenye uzi mweusi, na chungu kile. "Vuai," akanambia, "hiyo nnakuachia. Usiitie kivulini."

Sikuitia kivulini. Niliifanyia kubwa zaidi.

Mwaka wa tatu nikiwa msimamizi, tuliambiwa tusafishe kitalu cha miche, mahali hapatoshi. Tulikuwa na vyungu tisa vya yasmini ya maua manene, vimetoka sehemu mbalimbali, kimoja Mwera, shamba, na mimi nikaamua kuvipunguza kitaalamu. Kitaalamu! Nilikata kitawi kwenye kila chungu, asubuhi, baada ya kunywa chai, rangi ya maua hata sikuitazama. Kile cha Bi Raya nilikikata chini, karibu na shina, nikakibana, nikakausha, nikakilinganisha na kile cha Mwera. Tabaka nyingi hapa, tabaka nyingi hapa. Majani mawili mawili yanatazamana kwenye kifundo cha tawi, hapa na hapa. Ua likikauka halina harufu na lote ni hudhurungi, la kukesha na la kulala. Nikaandika kwenye lebo, kwa mwandiko mzuri: *Sawa na ile ya Mwera. Hakuna haja ya kuhifadhi mche.* Nikatia jina. Chungu cha Mwera kikabaki, vinane vikaenda jalalani nyuma ya ofisi.

Mimi niliyekuwa nawatukana watu wa mji mzima kwa kuita kila ua jeupe yasmini.

Nilikuja kujua kosa langu mwaka uliofuata. Nilikuwa napanga makabati nikakuta karatasi ya zamani ya Bi Raya, kitawi cha juu cha mti wa mama yake. Kwenye kila kifundo majani yalikuwa matatu. Si mawili. Nikakumbuka kwamba hata kwenye chungu matawi ya juu yalikuwa hivyo, na mimi nimekata la chini, changa, ambalo bado halijaonyesha. Nikaenda jalalani mbio kama mwendawazimu. Mwaka mzima umepita. Palikuwa na mipapai.

Na Bi Raya kila Idi nikienda kumwamkia ananiuliza, "Inayokesha haijambo?" Nami nasema, "Ipo, Bi Raya." Mara ya kwanza nilisema kwa hofu. Mara ya pili kwa sababu ya mara ya kwanza. Baada ya hapo ikawa kama salamu.

Mwaka wangu wa mwisho kazini alinipigia simu mwenyewe. Mjukuu wake Nasra anaolewa, wiki tatu zijazo. "Sikutaka kukusumbua, mwanangu. Lakini miguu hainipeleki tena, na nnataka mtoto avae ile ya mama. Unletee maua alasiri ya siku ile." Nikasema naam. Nikakata simu, nikakaa juu ya kiti cha ofisini nikajiuliza mtu mzima kama mimi anaweza kuwa mpumbavu kiasi gani.

Kwa hivyo nilitafuta. Nilijiambia: kama mama yake Bi Raya alikuwa mkarimu, basi kuna jirani aliyekata kijiti. Na kama kuna kijiti, kuna maua, na maua yanauzwa. Kila alasiri nikawa napita sokoni Darajani nanunua kikuba kimoja kwa kila muuzaji, nakipeleka nyumbani, nakiweka kwenye sahani, asubuhi nakitazama. Mke wangu Bi Time siku mbili za mwanzo alifurahi. Siku ya tatu alianza kunitazama. Siku ya tano akaniuliza, "Vikuba vyote hivi unaniletea mimi, au kuna mwengine vinamshinda?" Nikamweleza habari yote. Akasema bora ningekuwa na mwengine, angalau angejua aende kumsema nani.

Vyote viliamka hudhurungi. Wiki ya kwanza, wiki ya pili. Wauzaji walishaniita Bwana Harusi. Zimebaki siku nne, nikanunua kwa mama mmoja niliyekuwa nampita tu, anayekaa pembeni, karibu na wauza viungo, na asubuhi Bi Time akaniamsha. "Njoo utazame." Kilikuwa cheupe. Sikunywa chai, nikaenda Darajani nikamngoja yule mama mpaka saa tisa mchana.

"Mti wa maua haya unao wewe?"

"Sina hata jani, mzee. Naletewa na Bi Mize wa Chukwani."

Bi Mize nilikuwa namjua. Alifagia ofisi yetu na kitalu chetu kwa miaka mingi kuliko niliyoitumikia mimi, akastaafu kabla yangu. Nilipofika Chukwani nilimkuta anachambua mchele mlangoni, na nyuma yake, kwenye jua, karibu na birika la maji, umesimama mti wa yasmini unaonifika kifuani, umepogolewa vizuri. Sikumwamkia hata. Nikaenda kushika tawi la juu. Majani matatu kwenye kifundo.

"Bi Mize, hii umeipata wapi?"

"Si wewe uliyeitupa?" Hakuacha kuchambua. "Ulivipanga vyungu jalalani, kimoja kina jicho bichi. Nkakitia kwenye pakacha nkaondoka nacho."

"Mbona hukunambia?"

"Nikwambie nini? Ungesema mali ya serikali, nirejeshe. Kisha ukaitupe tena."

Nikamuuliza alijuaje kwamba ile si sawa na nyengine.

"Mimi ndiye nikifagia maua asubuhi, Vuai. Ya vyungu vyote yashageuka rangi, ya chungu kile meupe. Kila siku ya Mungu." Akapeta ungo. "Hukuniuliza."

Jamani. Miaka yote ile tulikuwa tunapishana mlangoni, yeye na ufagio, mimi na kioo cha kukuzia, na aliyekuwa anajua ni yeye. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nalo na cheti juu yake. Nikamweleza habari ya harusi na zile Idi zote. Aliniambia siku ya harusi nije alasiri na pakacha, maua atanipa, na vijiti kumi atanikatia. Alitaka jambo moja tu. "Ukifika kwa Bi Raya, usimwambie imetoka ofisini. Sema imetoka kwa nani." Nikamwahidi.

Nilifika kwa Bi Raya baada ya sala ya alasiri. Anakaa Kikwajuni sasa, kwa mwanawe. Chumba kimejaa wanawake, wanachana mkadi, wananong'ona. Macho yake yameingia ukungu. Nikaliweka pakacha mapajani mwake, akatia mkono, akatoa kitawi, akakipapasa kifundo kwa kidole gumba: moja, mbili, tatu. Kisha akayainamia maua.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Umeitunza, mwanangu."

Ningeweza kunyamaza. Nakwambieni kweli, nilitamani kunyamaza. Mtoto anaolewa, bibi amefurahi, maua yapo, nani ameumia? Lakini ahadi niliyompa Bi Mize ilikuwa imenikaa shingoni.

"Sikuitunza mimi, Bi Raya. Niliitupa. Niliandika ni sawa na ya Mwera nikaitupa jalalani. Aliyeiokota ni Bi Mize, na iko kwake Chukwani tangu siku hiyo."

Bi Raya alichukua sindano na uzi, akaanza kutunga. Sindano inaingia, inatoka.

"Idi ngapi umenambia ipo?"

"Nyingi."

"Na ilikuwepo," akasema. "Ila wewe hukuwa unajua." Akavuta uzi. "Nimeudhika, Vuai. Sitakwambia sikuudhika. Ile karatasi uliyoiandikia upumbavu huo, umeibandua?"

"Sikuibandua."

"Basi hilo angalau lilikuingia. Nenda kaimalize. Na Mize mwambie aje kwenye harusi, asije kwa mlango wa nyuma."

Bi Mize alikuja, kwa mlango wa mbele, na wakamkalisha pembeni ya Bi Raya. Asubuhi ya pili Nasra alimpelekea bibi yake kikuba mkononi, cheupe, haya nimesimuliwa.

Hiyo ndiyo sababu wiki yangu ya mwisho mlinikuta nimejifungia kwenye chumba cha mimea, mkadhani nalia kwa kustaafu. Kuna mwenzenu mmoja, namstahi simtaji, aliyeniambia ni rahisi zaidi achape lebo mpya safi, ile ya zamani tuitoe, karatasi ipendeze ikipigwa picha. Nilimtazama mpaka akatoka. Msiibandue. Ikipigwa picha, ipigwe na lebo zote.

Vijiti saba katika kumi vimeshika, viko kwenye jua upande wa kusini wa kitalu. Vipogoeni. Lebo ya zamani inasema kwa mwandiko wangu kwamba ni sawa na ile ya Mwera. Pembeni yake nimebandika kikaratasi: *Si sawa. Majani matatu kwenye kifundo, matawi ya juu. Ua halibadiliki rangi mpaka adhuhuri ya pili. Aliyesema ni sawa ni mimi.* Na kwenye karatasi mpya, yenye kitawi nilichokikata juu ya mti wa Chukwani, alasiri, lebo inasomeka hivi:

*Mahali ilipopatikana: jalala la ofisi, upande wa nyuma. Aliyeichuma: Mize binti Ali. Aliyeitambua: huyo huyo.*